Fomu I-864: unaweka sahihi ya nini unapomdhamini ndugu kuhamia Marekani

Ombi la I-130, ambalo aliye Marekani hupeleka kumwombea ndugu yake ahamie huko, likishakubaliwa, familia nyingi huona kazi imekwisha. Simu hupigwa Mwanza, Mombasa au Uvira, na mama huanza kuulizia bei ya masanduku. Kisha inaingia barua pepe kutoka Kituo cha Taifa cha Viza cha Marekani, NVC, kilichoko Portsmouth katika jimbo la New Hampshire: lipa dola 120 za kukagua hati ya udhamini, lipa dola 325 kwa kila anayesafiri, halafu pakia nyaraka kwenye mtandao. Hapo ndipo majalada mengi hukwama kwa miezi. Ndugu anayesubiri hana doa lolote. Tatizo ni kwamba aliye Marekani hajaelewa anaulizwa nini kwenye fomu I-864, ndiyo hiyo hati ya udhamini.

Kwetu kudhamini ni jambo la kila siku. Unamdhamini mtu polisi, unamdhamini kwenye kikoba, unamsainia barua ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo mtu akiombwa udhamini wa viza hudhani anaombwa barua ya kumtambulisha mgeni na kusema ni mtu mwema. I-864 ni kitu kingine kabisa. Ni mkataba kati ya anayesaini na serikali ya Marekani, na masharti yake yamechapwa kwenye fomu yenyewe, kurasa chache kabla ya mahali pa sahihi. Watu wengi hufika kwenye sahihi bila kuzisoma kurasa hizo, na ningependa makala haya yawapeleke huko kabla kalamu haijashikwa.

Mkataba huu ulitokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996. Kabla ya hapo hati za udhamini zilikuwepo, lakini mahakama zilikuwa zikikataa kumbana mdhamini kwa sababu hazikuwa na nguvu ya mkataba. Bunge la Marekani likaamua ziwe nayo, na fomu mpya ikaanza kutumika tarehe 19 Desemba 1997. Lengo lilikuwa moja: mhamiaji asiwe mzigo kwa umma, na akielekea kuwa mzigo, awepo mtu mwenye jina na anwani wa kubebeshwa gharama.

Hakikisha kwanza kwamba fomu inakuhusu

Si kila anayehamia Marekani hudaiwa I-864. Walioshinda bahati nasibu ya grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, hawadaiwi. Ofisa wa ubalozi anaweza kuwataka fomu I-134, ambayo ni nyepesi zaidi. Mchumba anayekwenda kwa viza ya K-1 naye huonyesha I-134 kwenye usaili, ila baada ya ndoa, anapoomba grini kadi akiwa ndani ya Marekani, I-864 humkuta huko. Mtoto wa chini ya miaka 18 anayepata uraia papo hapo kwa kuingia kuishi na mzazi aliye raia amesamehewa. Vivyo hivyo mtu ambaye tayari ana robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, katika mfumo wa hifadhi ya jamii wa Marekani.

Kundi ambalo nalisisitiza ni la wakimbizi, maana wasomaji wengi wa Kiswahili waliofika Marekani ni Wakongo na Warundi waliotoka kambi za Kigoma kama Nyarugusu. Aliyepokelewa kama mkimbizi ana miaka 2 tangu siku ya kuingia ya kumwombea mume au mke na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, kwa fomu I-730. Njia hiyo haina I-864 wala kizingiti cha kipato. Wapo wanaosubiri hadi wapate grini kadi, muda wa I-730 ukapita, wakalazimika kupeleka I-130, na sasa mtu anayefanya kazi moja ya usiku kiwandani anaambiwa aonyeshe kipato cha kutosha familia ya watu sita. Kama bado uko ndani ya miaka 2, usiiache nafasi hiyo.

Nani lazima asaini

Aliyepeleka ombi la I-130 lazima ajaze I-864 yake, hata kama hana kipato chochote. Jambo hili huwakwaza wengi. Mtu asiye na kazi humtafuta mjomba mwenye mshahara mzuri, wanapeleka fomu ya mjomba peke yake, NVC inairudisha. Mjomba anaweza kuwa mdhamini mwenza, lakini hawezi kuchukua nafasi ya mwenye ombi. Fomu ya mwenye ombi hutangulia ikiwa na sifuri zake, ya mjomba inafuata.

Mdhamini, awe mwenye ombi au mwenza, lazima awe raia wa Marekani au mwenye grini kadi, awe ametimiza miaka 18, na makazi yake ya kudumu yawe Marekani. Mdhamini mwenza si lazima awe ndugu. Rafiki, jirani, mtu wa msikitini au kanisani, wote wanakubalika.

Sharti la makazi huwabana hasa raia wa Marekani waliorudi nyumbani. Fikiria mtu aliyepata uraia, akarudi Dar es Salaam kufanya biashara, akaoa, na sasa anataka kwenda na mke wake. Kipato anacho, lakini makazi yake yako Dar. Mdhamini mwenza hawezi kumwokoa, kwa sababu sharti la makazi linamhusu mwenye ombi mwenyewe. Atalazimika kuonyesha kwamba anarudi kweli, kabla ya mke wake au pamoja naye: mkataba wa nyumba ya kupanga, akaunti ya benki inayotumika, barua ya kazi au maombi ya kazi aliyopeleka, watoto walioandikishwa shule. Mshahara wake wa Dar nao hauhesabiwi, isipokuwa kama ataendelea kuupata kutoka chanzo hichohicho akiwa Marekani. Na kwa kuwa raia wa Marekani hudaiwa ritani ya kodi, yaani taarifa ya kodi ya kila mwaka, kwa kipato cha popote duniani, aliyekaa nje miaka mitano bila kuipeleka ana kazi ya kurekebisha hilo kwanza.

Hesabu yenyewe

Kipimo ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini unaotangazwa kila mwanzo wa mwaka na Wizara ya Afya na Huduma za Binadamu ya Marekani. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mke, mume au mtoto hupimwa kwa asilimia 100. Kwa mwaka 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii ambako kiwango kiko juu zaidi, kaya ya watu 2 ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, ya 3 dola 33,312, ya 4 dola 40,187, ya 5 dola 47,062, na kila anayeongezeka ni dola 6,875. Tazama jedwali la mwaka unaopeleka fomu. Lipo bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa jina la I-864P.

Kosa kubwa haliko kwenye mshahara, liko kwenye kuhesabu watu. Kaya hapa haina maana ya wanaolala nyumbani kwako. Unajihesabu wewe mwenyewe, na wapo wanaojisahau. Unamhesabu mke au mume, hata kama hamkai pamoja. Unawahesabu watoto wako wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, na hapo anaingia mtoto uliyemwacha kwa bibi yake Tabora. Unamhesabu kila uliyemwandika kama tegemezi kwenye ritani yako, kila unayemdhamini sasa, na kila uliyewahi kumdhamini kwa I-864 ambaye mkataba wake bado uko hai. Huyo wa mwisho ndiye hushtua watu: mke uliyemleta miaka sita iliyopita mkaachana anaweza kuwa bado ni mmoja wa watu wa kaya yako kwenye karatasi. Kwa upande mwingine, wazazi na wadogo zako unaowatumia pesa kila mwezi hawahesabiwi ikiwa hawamo kwenye ritani.

Tuchukue mfano kwa viwango hivyo vya 2025. Kaka mmoja yuko Columbus, Ohio, anafanya kazi ghalani kwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa mwaka ni dola 41,600. Ana mke na watoto wawili, ni raia, na anamleta mama yake. Wao wanne wangehitaji dola 40,187, na hizo anazo. Mama akiongezwa wanakuwa watano, kizingiti kinapanda hadi 47,062, na kaka anapungukiwa dola 5,462.

Akitaka kuziba pengo hilo, aanzie nyumbani. Ikiwa mke anafanya kazi, hata ya muda mfupi, kipato chake kinaweza kujumlishwa kwa fomu I-864A. Lakini mke akisaini I-864A naye ameingia kwenye mkataba. Anawajibika pamoja na mumewe. Ni haki yake kuelezwa hivyo, asiitwe tu mezani kuambiwa weka sahihi hapa.

Anaweza pia kutumia mali. Akiba ya benki, thamani ya nyumba baada ya kutoa deni lililobaki, au kiwanja, ilimradi kiweze kugeuzwa pesa taslimu ndani ya mwaka mmoja. Hata mali ya mama mwenyewe inakubalika: kiwanja chake cha Dodoma chenye hati kinaweza kuingia, kikiwa na tathmini ya mthamini na uthibitisho kwamba pesa yake inaweza kutolewa nchini. Lakini mali haihesabiwi dola kwa dola. Kwa mzazi au ndugu lazima ifike mara 5 ya pengo, yaani kaka wetu aonyeshe dola 27,310. Kwa mume, mke, au mtoto aliyetimiza miaka 18 wa raia wa Marekani ni mara 3. Gari unaloendea kazini halihesabiwi. Gari linaweza kuhesabiwa pale tu unapokuwa na jingine zima linalobaki nje ya hesabu.

La mwisho ni mdhamini mwenza, na hapa ipo siri ambayo ningependa kila mtu aijue. Mdhamini mwenza hupimwa kwa kaya yake mwenyewe pamoja na anayedhaminiwa. Haangaliwi kwa watu wa kaya ya mwenye ombi. Kijana asiye na mke wala mtoto akimdhamini mama huyu, kaya yake ni watu 2 tu, na kizingiti chake ni dola 26,437. Kwa hiyo kijana anayelipwa dola 30,000 anavuka pale ambapo baba wa watoto wawili mwenye 41,600 amekwama. Watu huzunguka mji mzima wakitafuta daktari au mwenye kampuni, kumbe anayefaa ni mpwa aliyemaliza chuo mwaka juzi. Sharti ni kwamba mdhamini mwenza avuke kizingiti kwa kipato au mali ya upande wake. Hawezi kuchukua 41,600 za kaka akaongezea zake ili wavuke pamoja. Ikiwa wanaokuja ni wengi, kwa mfano dada na mume na watoto wao, wanaruhusiwa wadhamini wenza wawili wakagawana watu.

Madereva wa malori na wote wanaojiajiri

Sehemu hii ndiyo inayoumiza zaidi jamii yetu, maana wengi wetu Marekani tumeingia kwenye malori, teksi za programu, usukaji nywele, kupika kwa oda na uangalizi wa wazee kwa mkataba. Pesa inaonekana mkononi, lakini haionekani kwenye ritani.

Fomu inauliza kipato cha sasa cha mwaka, kisha inataka jumla ya kipato kama ilivyo kwenye ritani ya shirikisho, fomu 1040. Tazama jumla iliyoko mstari wa 9. Kwa mwajiriwa mwenye W-2, hati ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, mstari huo unakaribiana na mshahara wake. Kwa aliyejiajiri, kinachofika pale ni faida iliyobaki baada ya gharama zote alizoandika kwenye jedwali C, sehemu ya ritani inayohusu biashara ya aliyejiajiri. Sema lori limeingiza dola 140,000 kwa mwaka. Toa mafuta, bima, matairi, matengenezo, riba ya mkopo na uchakavu wa lori. Aliyemjazia ritani amefanya kazi yake vizuri, kodi imekuwa ndogo, na mstari wa faida unasoma dola 19,000. Dereva huyo anatuma nyumbani dola 500 kila mwezi na anajijua kwamba si maskini, lakini mbele ya ofisa wa viza yuko chini ya kizingiti cha watu wawili. Kuonyesha taarifa za benki zenye 140,000 hakusaidii, kwa sababu hizo ni mapato ghafi.

Najua linalofuata: mtu hushawishika kurudi kurekebisha ritani ya zamani ili ipendeze. Kama kulikuwa na kosa la kweli, marekebisho yapo na ni halali, na utalipa kodi inayostahili. Lakini kubuni faida ambayo haikuwepo ili viza itoke ni udanganyifu mbele ya ofisi mbili za serikali kwa mpigo, na anayeweza kuathirika ni pamoja na yule mama unayemleta. Njia salama ni kupanga mapema. Anayekusudia kumwita mzazi mwakani azungumze na mtaalamu wake wa kodi mwaka huu, aelewe ni punguzo zipi ana hiari nazo na zipi ni gharama halisi. Kipato cha taslimu ambacho hakikuandikwa popote hakina msaada hapa. Kwa I-864, pesa ya kusuka ambayo haiko kwenye ritani haipo.

Kwa mwajiriwa ambaye mwaka jana alikuwa na kipato kidogo lakini sasa amepata kazi nzuri, mambo si mabaya. Kinachopimwa ni kipato cha sasa, na ritani ni ushahidi wake mkubwa, ila si wa pekee. Barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kuanza, pamoja na slipu za mshahara za miezi ya karibuni, vinaweza kumshawishi ofisa.

Kuhusu nyaraka zenyewe sitakaa sana. Ritani ya mwaka mmoja wa karibuni ndiyo ya lazima. Ya miaka 3 ni hiari, na hufaa pale inapokusaidia. Badala ya nakala ya ritani, omba transkripti, yaani muhtasari wa ritani, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni bure, inapatikana mtandaoni, na inakuepusha na kurasa zilizokosekana. Ukitoa transkripti kwa kawaida hulazimiki kuambatisha W-2, isipokuwa mmejaza ritani ya pamoja na mwenzi wako na unatumia kipato chako peke yako. Hapo W-2 inahitajika ili kutenganisha. Ambatisha uthibitisho wa uraia au grini kadi. Sahihi iwe ya kalamu, kisha uiskani. Jina lililochapwa kwa kompyuta halikubaliki kama sahihi. Ukiwaleta baba na mama, hayo ni maombi mawili na I-864 mbili.

Unachodaiwa baada ya ndugu kuingia

Mkataba huanza kufanya kazi siku ndugu anapopata ukaazi wa kudumu. Kuanzia hapo umeahidi mambo mawili. La kwanza, kumtunza asishuke chini ya asilimia 125 ya mstari wa umaskini. La pili, kuirudishia serikali gharama akipokea misaada fulani inayotolewa kwa kupima kipato, kama vocha za chakula za SNAP, Medicaid ya kawaida (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), posho ya SSI ya wazee na walemavu maskini au msaada wa familia wa TANF. Shirika lililotoa msaada linaweza kukudai, na ukikaidi, kukushtaki. Hata ndugu mwenyewe anaweza kukushtaki akidai matunzo.

Hofu iliyoenea mtaani imepita kiasi upande mmoja na ni ndogo mno upande mwingine. Imepita kiasi kwa sababu mdhamini hawajibiki kwa deni la kadi ya benki la aliyemdhamini, wala kodi ya nyumba aliyoshindwa kulipa, wala kosa la jinai. Pia wahamiaji wengi wapya wenye grini kadi hawaruhusiwi kupata sehemu kubwa ya misaada hiyo ya shirikisho kwa miaka 5 ya mwanzo, na wakiomba, kipato cha mdhamini huhesabiwa kama chao. Kwa hiyo hatari ya kuletewa bili ya serikali si kubwa kama inavyosimuliwa.

Hofu hiyo ni ndogo mno upande wa ndoa. Talaka haimalizi mkataba. Mkataba unaisha pale aliyedhaminiwa anapokuwa raia wa Marekani, au anapokamilisha robo 40 za kazi, au anapofariki, au anapoondoka Marekani na kupoteza ukaazi wake. Pia mdhamini akifariki. Robo hizo hupatikana nne tu kwa mwaka, kwa hiyo ni miaka 10 ya kazi kwa uchache. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 7 iliamua kwamba mtalaka aliyedhaminiwa halazimiki kutafuta kazi ili kumpunguzia mdhamini mzigo. Mwaka 2016 Mzunguko wa 9 ukaamua kwamba hata makubaliano ya kabla ya ndoa, ambayo mke aliyasaini akikubali kutodai chochote, hayakuufuta wajibu wa I-864. Anayemleta mwenzi wa ndoa changa ayajue haya. Sisemi asimlete; nasema ajue ahadi aliyoitoa ni kubwa kuliko mahari.

Kwa wazazi wazee picha ni tofauti. Mama wa miaka 68 hatafanya kazi miaka 10, hivyo mlango wa kutokea ni uraia. Anaweza kuuomba baada ya miaka 5 ya ukaazi, lakini kuna mtihani wa Kiingereza. Msamaha wa Kiingereza hutolewa kwa aliyetimiza miaka 55 akiwa na ukaazi wa miaka 15, au miaka 50 akiwa na ukaazi wa miaka 20. Hapo maswali ya uraia huulizwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Upo pia msamaha wa kiafya unaothibitishwa na daktari. Kwa wengi, basi, kumdhamini mzazi ni ahadi ya maisha yake yote yaliyobaki, na bima yake ya afya ndiyo gharama kubwa, kwa kuwa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haifunguki kwake kabla ya miaka 5 ya ukaazi, na hata hapo atailipia. Fanya hesabu ya bima kabla ya kununua tiketi.

Ukihama nyumba, una siku 30 za kuiarifu USCIS kwa fomu I-865. Faini ya kunyamaza ni kati ya dola 250 na 2,000, na inaweza kufika 5,000 ikiwa ulijua kwamba uliyemdhamini amepokea msaada.

Kwa anayeomba sahihi ya mtu mwingine

Nimesikia mara nyingi maneno haya: "Shemeji, nisainie tu, ni karatasi ya kawaida." Kumwambia mtu hivyo si haki. Shemeji akikubali kuwa mdhamini mwenza anawajibika sawa na wewe, na si kwa sehemu yake tu. Serikali inaweza kumfuata yeye kwanza. Atatoa ritani yake, namba yake ya hifadhi ya jamii na taarifa za mshahara wake, ambazo labda hata ndugu zake hawazijui. Akitaka baadaye kumleta mke wake, mama yako atakuwa mmoja wa watu wa kaya yake kwenye hesabu. Mpe fomu siku kadhaa kabla, mwonyeshe kurasa za mkataba, mweleze mpango wako wa bima na makazi ya mgeni. Mwambie pia kwamba anaweza kujitoa kwa maandishi wakati wowote kabla viza haijatolewa, na kwamba ikishatolewa hawezi. Akikataa baada ya kuelewa, asinuniwe.

Ubalozini

Kuvuka kizingiti hakumlazimishi ofisa kutoa viza. Sheria inamtaka aangalie pia umri, afya, familia, mali, elimu na ujuzi wa mwombaji, kisha aamue kama ataweza kujitegemea. Ndiyo maana kwa mzazi mgonjwa ni vizuri kipato kizidi kizingiti, kisigusie tu. Aidha, tangu Juni 2025 yametolewa maagizo ya rais yanayozuia au kusitisha viza kwa raia wa nchi mbalimbali, Burundi ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo. Orodha hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi unaokuhusu kabla ya kulipa ada na vipimo vya afya.

Kati ya siku uliyopakia nyaraka na siku ya usaili inaweza kupita miezi mingi. Mtumie ndugu yako slipu za mshahara za karibuni, barua mpya ya mwajiri, na ritani mpya ikiwa msimu wa kodi umepita katikati. Awe nazo mkononi, ajue unafanya kazi gani, unaishi mji gani na mdhamini mwenza ni nani kwenu. Ofisa huuliza, na mama anayejibu "sijui, ni rafiki yake mwanangu" huzua maswali ambayo yasingekuwepo.

Ofisa asiporidhika na udhamini, kwa kawaida hutoa karatasi inayotaja kifungu 221(g) cha sheria ya uhamiaji na kuandika kinachokosekana. Kisheria viza imekataliwa, lakini jalada halijafungwa. Mnaweza kuleta transkripti iliyokosekana, ushahidi wa mali, au I-864 ya mdhamini mwenza mpya, bila kuanza ombi upya, ilimradi mfanye hivyo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye karatasi hiyo. Mama akitoka ubalozini na karatasi hiyo, aipige picha pande zote mbili aitume siku hiyohiyo.